Four Views on Hell, toleo la 2016: nyota nne

Nilikinunua kitabu hiki kuhusu jehanamu baada ya kumzika kaka yangu, ambaye hakuwahi kubatizwa. Wakristo wanne wanajibu swali moja, jehanamu ni nini, kisha wanajibizana. Denny Burk anatetea mateso ya milele. John Stackhouse anasema waovu wataangamia, wasiwepo tena. Jerry Walls ni Mprotestanti anayetetea toharani, fundisho la Wakatoliki (sikulitarajia hilo), ila kwake ni pa kutakaswa baada ya kufa, si pa kulipa deni la dhambi. Robin Parry ndiye aliyenishika: anaamini Mungu atawapatanisha wote, kama anavyoisoma Wakolosai 1:20. Hapo nilifunga kitabu, nikalia. Bado sijakubaliana naye, maana Mathayo 25:46, inayotaja adhabu ya milele, inanizuia. Nyota moja naipunguza kwa mabishano juu ya maneno ya Kigiriki ya Biblia, yanachosha asiyesoma teolojia.