Itauma kwa Whyte, Joshua kwa Klitschko: ushindi upi unatuambia zaidi?

Agosti 2025 mjini Riyadh, Moses Itauma, bondia kijana wa miaka 20 wa uzito wa juu, alimmaliza Dillian Whyte wa miaka 37 katika raundi ya kwanza. Aprili 2017 pale uwanja wa Wembley, London, Anthony Joshua, 27, alimshinda Wladimir Klitschko, 41, pambano likasimamishwa raundi ya 11.

Kasi ya mikono ya Itauma haina ubishi. Joshua mwenyewe alihitaji raundi 7 kumtoa Whyte mwaka 2015, tena Whyte huyo alikuwa bado na damu moto. Whyte wa Riyadh alikuwa ameshazimwa na bondia mwenzao Tyson Fury mwaka 2022. Na pambano la chini ya dakika mbili halipimi pumzi wala kidevu, yaani uwezo wa kustahimili ngumi.

Klitschko naye alikuwa hajapanda ulingoni tangu Fury amshinde Novemba 2015, lakini alikuja kupigana kwelikweli. Alienda chini raundi ya 5, akainuka, na raundi ya 6 akamlaza Joshua sakafuni. Joshua akasimama akiwa hoi, akavumilia, akarudi kumaliza kazi. Mimi naupa ushindi huo uzito zaidi. Itauma simshushi hata kidogo. Namsubiri siku atakapopata mtu wa kumrudishia ngumi.