Tiketi ya euro 63 na miji mitatu ya bandari: Hamburg, Lübeck, Wismar

Haya jamani, karibuni. Leo sina blenda wala sufuria. Bidhaa ya leo haina hata boksi la kufungua, ni huu mraba wa vidoti kwenye simu yangu. Unauona? Wanaiita Deutschlandticket. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49, ikapanda 58, na tangu Januari 2026 ni 63 kwa mwezi. Inakupandisha treni za mikoa, mabasi, tramu na treni za chini ya ardhi Ujerumani nzima. Treni za kasi, zile ICE na IC, hapana. Ukionekana humo nayo, utajieleza.

Mimi na mume wangu tunaishi Hannover. Watoto tukawaacha kwa shangazi yao, tukatoka siku tatu: Hamburg, Lübeck, Wismar. Kila mtu na tiketi yake, maana hii haiazimani, ina jina lako na kitambulisho lazima uwe nacho. Wawili, euro 126.

Sasa tusidanganyane. Hannover hadi Hamburg kwa treni ya kasi ni kama saa moja na robo. Sisi tulitumia saa mbili na nusu hivi, tena kwa kubadilisha treni Uelzen. Mume wangu alinung'unika hadi tuliposhuka hapo Uelzen. Stesheni ile aliichora upya yule msanii Hundertwasser: nguzo za rangi rangi kama zimevaa kanga, kila moja na yake. Akanyamaza, akaanza kupiga picha.

Halafu treni ikasimama Lüneburg. Hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu safari yote ilikuja kunielea hapa. Chini ya mji huu kuna chumvi. Waliichemsha kwa karne nyingi, kiwanda kikafungwa mwaka 1980. Chumvi hiyo ilikuwa ikipelekwa Lübeck, na tangu 1398 ilipita kwenye mfereji waliouchimba kwa ajili yake. Lübeck ilikuwa na samaki, wale wanaoitwa heringi, wa Bahari ya Baltiki, lakini samaki bila chumvi anaharibika siku ya pili. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa. Ng'onda! Hawa watu walitajirika kwa ng'onda, ila wao waliwatia kwenye mapipa. Ulaya nzima ilifunga nyama siku za Kwaresima na Ijumaa, nani atawauzia samaki? Lübeck.

Hamburg nitakwenda haraka, mji mkubwa, video zake zimejaa. Maghala ya Speicherstadt mmeyaona: matofali mekundu juu ya mifereji, yamesimama kwenye nguzo za miti zilizokitwa topeni. Mume wangu akasema, "Kumbe na wao wanajenga kwa boriti." Jambo moja tu la bidhaa yetu: feri namba 62 kutoka Landungsbrücken inaingia kwenye tiketi hii hii. Watu wanalipa pesa nzuri kuzungushwa bandarini, wewe unapanda feri ya wafanyakazi, unakaa juu, upepo unakupiga, meli za makontena zinapita mbele yako. Chukua koti. Nasema chukua koti.

Ila Hamburg sisi tulikuwa na ziara yetu. Mume wangu ni mtoto wa Bububu, Unguja. Njia yao ya kwenda mjini inapita Mtoni, kwenye magofu ya jumba alikozaliwa Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, mwaka 1844. Mnajua kisa chake: akapendana na mfanyabiashara wa Kijerumani jirani yake Mji Mkongwe, akaondoka 1866, mwaka uliofuata wakaoana Aden na kuja Hamburg. Mwaka 1870 mume akapata ajali ya tramu, akafa. Bibi akabaki na watoto watatu wadogo, ugenini, kwenye baridi hii. Alifariki 1924, kaburi lake lipo makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg.

Makaburi yale, jamani, ni makubwa mno, ndani yanapita mabasi ya abiria. Basi kabisa, lenye vituo! Na tiketi yetu inafanya kazi. Tukashuka, tukatembea chini ya miti, tukalipata. Inasemekana alikuwa na mfuko wa mchanga wa pwani ya Unguja, akazikwa nao. Mume wangu alisimama pale kimya, mikono nyuma. Nikazima kamera, kwa hiyo sehemu hiyo hamtaiona.

Siku ya pili, Lübeck. Kutoka Hamburg ni kama dakika 45. Ukitoka stesheni unatembea kidogo tu, lango la Holstentor hilo hapo, la karne ya 15, minara miwili minene imezama na kuinamiana, kama wazee wawili wanaonong'onezana. Pembeni yake, kando ya maji, maghala ya chumvi. Chumvi ile ile ya Lüneburg! Nikamwonyesha mume wangu: "Jana tulipita inakotoka, leo tuko inakofikia." Ungepanda treni ya kasi ukalala, hilo lisingekuingia.

Ndani ya kanisa la Marienkirche, kona ya mnara wa kusini, kuna kengele mbili chini. Zilianguka usiku wa tarehe 28 kuamkia 29 Machi 1942, mji ulipopigwa mabomu na kanisa likawaka. Zimeachwa pale pale zilipoangukia. Shaba imepasuka, kipande kimekunjika kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Watoto wa shule waliingia wakipiga kelele, walipofika pale wakanyamaza wenyewe.

Chakula. Marzipani ya Lübeck ni lozi na sukari. Nzuri, lakini kwa aliyekulia halua, hutapagawa. Mkate wa samaki, sasa. Mume wangu aliagiza kwa kuonyesha kidole, akauma, akanigeukia: "Mke wangu, huyu samaki hajapikwa, ametiwa achari tu." Ndivyo walivyo heringi wengi wa huku. Ukitaka aliyekaangwa, sema Backfisch. Andikeni hilo.

Kutoka Lübeck kwenda Wismar unabadilisha Bad Kleinen, stesheni iko karibu na ziwa. Ukishatoka Lübeck unavuka uliokuwa mpaka wa Ujerumani Magharibi na Mashariki. Hakuna hata kibao nilichokiona, ni mashamba tu.

Na Wismar ndiyo iliyoniteka. Kiwanja cha soko ni kama mita 100 kwa 100, katikati kibanda cha maji cha mwaka 1602 kilicholisha mji hadi 1897. Wasweden waliutawala mji huu tangu 1648. Kanisa la Mtakatifu Maria limebaki mnara tu, mita 80, umesimama peke yake: liliumizwa vitani, kisha 1960 serikali ya wakati ule ikalipua kilichobaki. Kuta zimechorwa chini kwa matofali, unatembea ndani ya kanisa lisilokuwepo. Bandarini wavuvi wanauza samaki wa moshi moja kwa moja kutoka kwenye boti. Hapo hatimaye mume wangu alikula, akalamba na vidole.

Kasoro? Zipo. Treni moja ilifutwa, tukakaa jukwaani saa nzima kwenye upepo, na iliyofuata ilijaa kama daladala ya jioni. Na hii ya pili ni kosa letu: simu ya mume wangu ilibaki asilimia 2, mkaguzi huyo anaingia behewa letu. Simu ikizima, tiketi huna. Roho ilinidunda! Akaionyesha, ikasomwa, ikazima hapo hapo. Beba pawabenki, au omba tiketi ya kadi ngumu badala ya simu.

Kama unatoka siku moja tu, usinunue hii. Tiketi ya siku ya jimbo kwa watu wawili ni nafuu zaidi, ingawa siku za kazi inaanza saa 3 asubuhi. Kama una miadi ya kukimbilia, nunua ICE mapema. Lakini wawili, siku tatu, na kila mji mna mabasi na feri ya kupanda? Mimi naipa nane kwa kumi. Mume wangu kasema sita, bado ana kinyongo na ile achari.

Ah, na mtego wenyewe: hii siyo tiketi ya mwezi mmoja, ni usajili. Usipoufuta kabla ya tarehe 10 kupita, mwezi ujao wanakata tena. Leo tarehe ngapi? Tisa? Ngojeni, mume wangu, lete simu yako haraka.