Tahadhari: krimu ya madoa ya kikopo cheupe, Kisumu

Akina dada wa Kisumu, hasa mnaonunua krimu za uso kupitia stetasi za WhatsApp, kuna muuzaji anawinda watu wenye madoa usoni. Mzigo anautuma kwa boda, analipwa kwa M-Pesa, na kila baada ya muda anabadilisha jina na nambari ya till. Kwa hivyo hata ningewapa jina lisingewasaidia. Kitambueni kikopo.

Mimi nina melasma, yale mabaka ya kahawia mashavuni na juu ya mdomo. Yalinianza kwa mimba ya pili, na mtoto alipozaliwa hayakuondoka. Nauza omena Kibuye, jua la saa saba linanipiga usoni, na jua letu mnalijua, ikweta yenyewe iko hapo Maseno. Yakififia kidogo yanarudi. Mtu aliyechoka hivyo ndiye mteja wake.

Kikopo hakina orodha ya viungo, tarehe, wala alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Lebo imebandikwa juu ya nyingine. Nilipoikwangua kwa ukucha nikakuta ya mafuta ya nywele. Bei 1,800. Aliniambia nipake usiku, nisisumbuke na krimu ya kukinga jua, "hiyo ni ya wazungu." Halafu akaongeza: vua hereni na pete za dhahabu kwanza, zisiharibike. Nikaona huyu anajali vitu vyangu. Nikamshukuru!

Wiki ya tatu uso ulikuwa laini ajabu, nikampigia picha nikamtumia mwenyewe kwa furaha. Kikopo kikaisha. Siku chache baadaye uso ukawaka kama umepakwa pilipili, vipele vikazunguka mdomo, na mabaka yakarudi meusi kuliko ya kwanza. Nikampigia. "Ni uchafu unatoka, mami," akaniuzia "hatua ya pili" kwa 3,200. Ndiyo, nilinunua. Nilipodai pesa zangu akanibloku.

Nilimpelekea daktari wa ngozi kile cha pili. Kilikuwa kimekaa dirishani bila kifuniko, krimu imegeuka kijivu. Swali lake la kwanza: "Alikwambia uvue dhahabu?" Kumbe zebaki hushikana na dhahabu ikaiharibu, na krimu yenye zebaki huweza kugeuka kijivu ikipigwa na mwanga. Ule ulaini wa haraka, kisha kuwaka ukiacha, akasema unafanana na steroidi kali, zile dawa za kutuliza uvimbe wa ngozi. Akatuandikia kipimo cha mkojo, mimi na mtoto, kwa sababu mtoto hulala shavuni pangu, na zebaki hupita kwa kugusana na kwa taulo, ikadhuru figo. Pesa nilikuwa nimeshazisamehe. Hapo kwa mtoto ndipo nilipokasirika. Majibu bado.

Zebaki, steroidi na haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, haziruhusiwi katika vipodozi Kenya. Haidrokwinoni daktari anaweza kukuandikia kama dawa, kwa muda mfupi na akikuangalia. Ukiipaka kiholela miaka na miaka huweza kuiacha ngozi na weusi wa samawati usiotoka kirahisi.

Sasa natumia asidi ya azelaiki, dawa ya kupaka ya madoa, kofia pana, na krimu ya kukinga jua yenye rangi, kwa kuwa ile oksidi ya chuma inayoipa rangi huzuia hata mwanga wa kawaida unaochochea madoa. Inakwenda polepole, inaudhi. Daktari alisema nihesabu miezi, na nikizembea na jua yatarudi. Yule aliniahidi siku 14.

Kama unacho nyumbani, usikitupe jalalani wala chooni. Kifunge kwenye mfuko, kiweke mbali na watoto, uende nacho kwa daktari, kisha uripoti KEBS.

Leo asubuhi amerudi kwa jina jipya. Picha anayotangazia, shavu la kushoto lenye kidoti kando ya sikio, ni shavu langu, la ile wiki ya tatu.