Mavazi ya maigizo kwa watoto wa mwaka 1 hadi 3: yanayovalika na yasiyovalika kwa joto la Mtwara

Simba, daktari, malkia, kipepeo: hizi ndizo seti zinazoulizwa zaidi hapa Mtwara mwaka unapoelekea mwishoni na mahafali ya chekechea kukaribia. Bahati mbaya ndio msimu ambao nguo nzito haivaliki. Novemba na Desemba jua ni kali, hewa ina unyevu, jasho halikauki. Kwa hiyo hapa nazipima kwa mambo mawili: mtoto ataivumilia kwa muda gani, na inavuliwa haraka kiasi gani. Urembo nauweka baadaye.

Seti ya simba ndiyo inayouzika kwa picha, na ndiyo niliyoipa alama za chini kabisa. Ni manyoya ya poliesta mwili mzima, zipu mbele, kofia yenye shungi, mkia, na nyayo zimezibwa. Mtoto anaanza kujikuna shingoni kabla shughuli haijaanza. Zipu inaishia kitovuni, hivyo kubadilisha pempasi ni kumvua yote. Kofia nazo hukatwa saizi moja. Kichwa cha mtoto wa miaka 2 kina mzunguko wa kama sm 48, basi kofia inamshukia machoni na anatembea akipapasa. Mkia unaburuzika, mwenzake anaukanyaga, wote wawili chini.

Kama umeshainunua, usiitupe, ipeleke kwa fundi. Mikono ikatwe ibaki kama ya fulana, miguu ikatwe juu ya goti, kingo zipigwe overloki ili manyoya yasivuje. Kofia iondolewe, shungi lishonewe kwenye utepe wa pamba wa kuzungushia kichwa. Mkia uishie usawa wa goti na ushikwe kwa velkro, siyo uzi: ukivutwa unabanduka wenyewe badala ya kumwangusha mtoto. Ndani avae vesti ya pamba. Hata hivyo ni vazi la kupigia picha na kulivua.

Koti la daktari ndilo lililonifurahisha, na la kushonesha limelishinda la dukani kwa mbali. Kwa mtoto mwenye urefu wa sm 90, robo tatu ya mita inatosha ikiwa kitambaa kina upana wa sm 150. Kikiwa cha upana wa sm 115 chukua mita nzima. Mwambie fundi aongeze sm 12 juu ya kipimo cha kifua, mkono uwe mfupi, na upindo wa chini uwe sm 5 ili mwakani aufumue. Kitambaa ni pamba au tetroni nyepesi. Satini nyeupe inang'aa vizuri kwenye picha lakini haipitishi hewa. Mafundi wengi watataka kuweka vifungo. Kataa, weka velkro vipande vitatu, na upande mkwaruzo utazame nje, mbali na ngozi. Kipimo cha daktari cha plastiki kinachoning'inia shingoni kiache; mrija wake ni kamba kama kamba nyingine. Kishonee kimoja cha kitambaa juu ya mfuko, kazi imekwisha.

Gauni la malkia tatizo lake liko kiunoni na kwapani, mahali neti inapokutana na ngozi. Geuza gauni nje ndani kabla ya kulipa. Bitana ikiishia kiunoni na neti ya sketi ikaanza pale pale, mtoto atakwaruzwa akikaa. Lastiki ya kiuno iruhusu vidole viwili kupita akiwa ameketi, maana akisimama tumbo huwa dogo. Pindo liwe juu ya kifundo cha mguu kwa sm 5. Halafu pambo linalong'aa: sugua kwa kitambaa cheusi chenye maji; likibaki kwenye kitambaa, litabaki pia machoni na kwenye keki. Na neti ya nailoni ikae mbali na mishumaa na jiko la mkaa, kwa sababu ikishika moto inayeyuka na kunata kwenye ngozi.

Mabawa ya kipepeo, kwa kifupi: papasa ukingo wote utafute ncha ya waya. Ipo mara nyingi.

Muuzaji akikuapia kwamba ni pamba tupu, chomoa nyuzi kwenye kitambaa chenyewe, siyo uzi wa mshono, kwani hata nguo ya pamba hushonwa kwa uzi wa poliesta. Zishike kwa kibano, zichome juu ya bakuli la maji. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Poliesta hujikunja ikawa kidonge kigumu cheusi.

Vitu vidogo vipimwe kwa bomba la karatasi ya chooni: kinachopita humo kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka 3. Vazi lenye taa nisingelinunua kabisa, isipokuwa kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu. Betri ya kitufe ikimezwa inaunguza koo ndani ya saa 2. Kamba za kofia na shingo zing'olewe zote. Viwango vya Ulaya (EN 14682) vinazikataza kwenye nguo za watoto hadi miaka 7.

Wanaotaka mtoto acheze sindimba, khanga moja iliyokunjwa na kufungwa nyonga inatosha. Njuga ndizo hatari, zinang'oka. Ziingize kwenye mfuko mwembamba wa kitambaa, shona mara mbili pande zote, ndipo uufunge mguuni. Bado zitalia.

Nguo za mabaka za "askari mdogo" ziacheni dukani. Agosti 2023 JWTZ iliwapa raia siku 7 kusalimisha sare za jeshi na nguo zinazofanana nazo, na sioni sababu ya kubishana na mtu getini kwa ajili ya picha.

Kuhusu kuagiza Dar: saizi 80, 90, 100 kwenye lebo ni urefu wa mtoto kwa sentimita, siyo umri. Mpime akiwa amelala chali, ongeza sm 5, nyongeza isizidi sm 10. Kurudisha mzigo kwa basi zaidi ya kilomita 500 nauli ni yako, kwa hiyo omba kwanza picha ya lebo ya ndani na ya vazi likiwa limegeuzwa. Asiyetaka kuzituma, usimtumie hela.