Faiba ya Nyumbani Mbeya na Iringa: Uliza Mwanga Kwanza, Mbps Baadaye

Malalamiko yaliyonifikia msimu huu wa mvua yanafanana mpaka unaweza kudhani yameandikwa na mtu mmoja. Yupo wa Isyesye, yupo wa Iyunga, yupo wa Gangilonga kule Iringa. "Dada, nimevuta faiba, wiki ya kwanza ilikuwa moto, sasa upepo ukivuma kidogo tu inakatakata. Nihamie kampuni gani?" Nikiwauliza kifaa cha faiba kilichofungwa nyumbani kinasoma mwanga kiasi gani, kimya. Wanachokijua wote ni Mbps, yaani kasi ya kifurushi, na bei.

Kwa hiyo humu hutakuta jedwali la Mbps. Bei za vifurushi zinabadilika kila kukicha na kampuni zenyewe zinazitangaza. Kwa nyumba ya watu watano wanaotazama mpira na watoto wenye kazi za shule, kifurushi cha chini kabisa cha faiba kinatosha, tusidanganyane. Mimi nataka tuongelee namba moja ambayo wakala hakutajii.

Namba hiyo ni nguvu ya mwanga unaokifikia kifaa chako. Inapimwa kwa dBm, na kadiri inavyozidi kushuka chini ya sifuri ndivyo mwanga unavyokuwa dhaifu. Faiba ni uzi wa kioo, na data inapita humo kama mwanga usioonekana kwa macho. Unatoka kituoni kwa kampuni, unafika kwenye kigawanyo ambako uzi mmoja unagawiwa nyumba 32 au 64, halafu unashuka kutoka kwenye nguzo hadi ukutani kwako. Kila hatua inakula kidogo. Kwenye GPON, mfumo wa kugawa faiba majumbani ulioenea zaidi, kifaa cha nyumbani kwa kawaida kinafika mwisho wa uwezo wake kwenye -27. Ukishuka zaidi ya hapo, taa nyekundu ya LOS, ya kuonyesha mwanga umepotea, inawaka na mazungumzo yamekwisha.

Piga hesabu mwenyewe. Kituoni mwanga unaanza, tuseme, kwenye +3. Kuugawa kwa nyumba 32 kunakula kama 17. Kilomita 5 za uzi hazifikishi hata 2. Maungio na konekta, wape 2 kwa ukarimu. Unabaki na -18 hivi. Kama wamegawa nyumba 64, ongeza hasara ya 3 au 4, uko kwenye -22. Sasa msomaji wangu wa Isyesye, ambaye uzi wake umegawiwa 32, amekuta -26. Hapo kuna 8 hazijulikani zilikokwenda, na kila 3 zinazopotea ni nusu ya mwanga. Kilichomfikia sebuleni ni chini ya moja ya sita ya alichostahili. Kifurushi kikubwa zaidi hakimsaidii, na kampuni nyingine ikija na fundi yuleyule haimsaidii pia.

Umepotelea wapi? Mara nyingi kwenye waya wa mwisho, ule wa kutoka nguzoni. Fundi amekuja na waya mrefu kuliko umbali, hataki kukata, anauviringisha mduara wa ukubwa wa ngumi, anaubana na kufungia plastiki na kuuficha juu ya silingibodi. Au ameupitisha kwenye ukingo wa bati, upepo unausugua usiku kucha. Au umeingia kwa dirishani na dirisha linafungwa juu yake. Kioo hakipendi kona kali: kikikunjwa sana, mwanga unavuja pembeni. Zipo nyaya zilizotengenezwa kuvumilia kona, za kundi la G.657, zenye kuruhusu mkunjo wa nusu kipenyo cha milimita 10 au 7.5 kutegemea daraja lake. Maandishi yapo kwenye ganda la waya, yasome. Na hata hizo zina mwisho wa uvumilivu.

Halafu kuna mambo ya rangi. Konekta ya kijani ncha yake imekatwa mshazari wa nyuzi 8, ya buluu imenyooka. Ukichomeka kijani kwenye buluu, inaingia vizuri tu na taa inaweza kuwaka, lakini katikati hapo panabaki uwazi na mwanga mwingi unapotea. Fundi mwenye haraka haoni shida. "Dada, taa si imewaka? Unataka nini tena?" Nataka namba, kaka yangu.

(Usichungulie ncha ya waya kuona kama mwanga upo. Hutauona, na jicho lako linaweza kuumia.)

Kwa wanaokaa maeneo yenye radi nyingi, Tukuyu mnajijua, jambo jingine dogo: kioo hakipitishi umeme, lakini nyaya nyingi za kushushia zina kamba ya chuma ya kuzishikilia hewani. Waambie waikate na kuifunga nje, isiingie nayo hadi mezani kwenye kifaa.

Sasa tuje kwenye hiki kinachoitwa kizazi kipya, kwa sababu mawakala wameanza kukiuza kabla hakijafika mtaani kwako. GPON inatoa Gbps 2.5 (Gbps moja ni Mbps 1,000) za kushusha na 1.25 za kupandisha, na hizo mnagawana wote mlio kwenye uzi mmoja. Mrithi wake ni XGS-PON, uliopitishwa na shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, mwaka 2016: Gbps 10 kwenda na 10 kurudi. Nyuma yake ipo 50G-PON, viwango vyake vilitoka mwaka 2021. Uzuri ni kwamba havihitaji kuchimba upya. XGS-PON inapita kwenye kioo kilekile pamoja na GPON kwa kutumia mawimbi tofauti ya mwanga. Kinachobadilishwa ni vifaa vya ncha mbili, cha kituoni na cha kwako.

Ila shetani yupo hapa. GPON inashusha data kwa mwanga wa nanometa 1490, XGS-PON kwa 1577. Wimbi likiwa refu zaidi, linavuja zaidi kwenye kona. Maana yake ule mviringo wa ngumi juu ya silingibodi, unaovumilika leo, siku kampuni itakapokuhamishia mfumo mpya ndio utakaokuangusha. Mtalaumu teknolojia mpya, kumbe ni waya uliofungwa vibaya miaka mitano nyuma.

Na siku hiyo itakuja. Telefónica ya Hispania ilifunga mtandao wake wa simu za nyaya za shaba mwaka 2025. Ufaransa imejiwekea 2030. Singapore mwaka 2024 ilitangaza kutenga hadi dola zake milioni 100 ili nyumba zifikie Gbps 10. Sisi shaba ya kufunga hatuna nyingi. Wengi tumetoka kwenye laini ya simu ya mkononi tunaingia moja kwa moja kwenye kioo. Mkongo wa Taifa, ile faiba kuu ya nchi, unapita hapa Mbeya kwenda Tunduma na Kasumulu, kuwapelekea Wazambia na Wamalawi. Kwa hiyo nyanda za juu kusini hatuko mkiani kabisa mwa bomba kama tunavyopenda kulia. Udhaifu wetu ni mita mia za mwisho. Mtazamo wangu wa soko: Mbps zitaendelea kushuka bei, vifaa vitabadilishwa zaidi ya mara moja, lakini waya ulioshushwa nyumbani kwako hakuna atakayekuja kuubadilisha bure. Lipia huo vizuri.

Haya, mpangilio wangu wa huduma, kuanzia ninayoipendekeza zaidi.

Namba moja: faiba ya TTCL, ile ya Faiba Mlangoni Kwako, ikiwa nguzo yenye kisanduku cha kugawia faiba iko karibu nawe na kifaa ni Huawei EG8145V5. Sifichi upendeleo wangu. TTCL ndiyo inayosimamia Mkongo wa Taifa, na mimi napenda kununua maji kwa mwenye chanzo. Kifaa nacho nakipenda kwa sababu mbili. Kina Wi-Fi za bendi zote mbili, GHz 2.4 na GHz 5, na matundu manne ya waya yenye kasi ya Gbps 1. Na ukifungua 192.168.100.1 kwenye kivinjari, kuna ukurasa wa taarifa za mwanga wenye mstari wa Rx, yaani mwanga unaopokelewa: namba yako hiyo hapo, huhitaji kumsubiri fundi na kipimo chake. Kukataa namba hii mimi naanzia -25. Kati ya -16 na -22, mpe fundi soda.

Kampuni wakikuletea HG8546M, ya Huawei hiyohiyo, kubali tu kama kifurushi chako ni kidogo. Wi-Fi yake ni ya bendi ya 2.4 peke yake, na matundu yake matatu kati ya manne yanaishia Mbps 100. Kumuuzia mtu kifurushi cha Mbps 150 na kumfungia kifaa hicho ni dharau.

Namba mbili: faiba ya kampuni nyingine yoyote iliyofika mtaani kwako, kwa masharti yaleyale. Kama jirani anayo, nenda ukasome Rx yake kabla ya kusaini. Mnatoka kisanduku kimoja, kwa hiyo kama yeye yuko -19 wewe huna sababu ya kupewa -25. Kwa wanaokaa kandokando ya barabara kuu, Nsalaga hadi Ifisi wanakopanua njia nne, ulizeni kwanza kama waya wa kampuni umeshahamishwa kwenye njia yake ya kudumu. Sitaki mlipie ufungaji mara mbili.

Tatu ni rauta ya 5G. Ni nzuri kwa mpangaji anayehamahama, mradi uijaribu ndani ya chumba chako saa mbili usiku, si dukani saa nne asubuhi.

Rauta za 4G na vile vidogo vya mfukoni: vya safari.

Dishi la setilaiti naulizwa sana na watu wa Tunduma na Kyela, kwa kuwa ng'ambo ya mpaka, Malawi na Zambia, Starlink ilianza huduma mwaka 2023. Kabla ya kununua lililovushwa, uliza TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa sababu vifaa vya mawasiliano vinahitaji idhini yao.

Umeme ukikatika, faiba nayo inalala, kwani kifaa kinakula volti 12 za kwako mwenyewe. Nunua UPS, yaani betri ya akiba, ndogo ya volti 12, utanishukuru wakati wa mgao.

Nimalizie na wauza vifaa. Kuna duka pale Mwanjelwa, silitaji, linapanga kwenye kioo vifaa vya faiba vilivyotumika, vingine bado vina nembo ya kampuni iliyovitoa, na bei yake imekaribia ya kipya. Dada mmoja wa Uyole kanunua kimoja kwa kuambiwa "hii ni ya faiba, inakubali mtandao wowote." Haikubali. Kifaa cha faiba kinatambuliwa na kituo kwa namba yake ya usajili, na kama kampuni yako haijaiingiza kwenye mfumo wao, utawasha, taa ya PON, ya kuonyesha umeunganishwa na kituo, itapepesa mpaka kesho. Vingine vimefungwa na kampuni ya kwanza kwa programu yake. Alivyorudisha akaambiwa bidhaa ikishatoka dukani hairudi, na risiti yenyewe imeandikwa "rauta" bila hata namba ya kifaa. Kabla hujatoa hela, piga picha ya namba iliyo mgongoni, itume kwa kampuni yako, na usubiri wakujibu kwa maandishi kwamba wataisajili. Muuzaji akikasirika, ondoka. Maduka Mwanjelwa hayajaisha.