Haleluya na Alhamdulillahi: zote ni sifa ila hazijajengwa sawa

Wengi wanazichukulia kama kitu kimoja kwenye dini mbili, ila ukizifungua ndani tofauti ni kubwa. Haleluya ni Kiebrania, "hallelu" ni amri kwa watu wengi, yaani msifuni, halafu "Yah" ni kifupi cha jina la Mungu, Yahweh, kwa hiyo ukiitamka unawaita na wenzako wasifu, ndo maana Zaburi ya 146 mpaka 150 kila moja inaanza nayo na kuisha nayo. Ilipopitia Kigiriki kwenda Kilatini ile h ya mwanzo ikadondoka, Wakatoliki wakabaki na Aleluya, na Kwaresima hawaiimbi kabisa mpaka Pasaka.

Alhamdulillahi yenyewe haimwamrishi mtu. Ni tamko kamili la Kiarabu, sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, basi. Imo kwenye Fatiha, sura ya kwanza ya Kurani, kwahiyo inasomwa kila rakaa ya swala, na nje ya swala ukipiga chafya unaisema, ukimaliza kula unaisema, hata mgonjwa kitandani ukimuuliza hali ataanza nayo, na hapo ndo mimi naona inaizidi haleluya, maana haihitaji kusanyiko wala furaha. Wakristo Waarabu nao wanaitumia kila siku.

Kinachonigusa zaidi ni mzizi wake, h-m-d, umezaa Muhammad, Ahmad, Mahmud, Hamidi, na Kiswahili tukapata himidi, sasa fungua Zaburi ya 103 kwenye Biblia yetu: "Ee nafsi yangu, umhimidi Bwana".