Sidiria kwanza, mto baadaye: vya kununua kabla ya upasuaji wa kuongeza matiti

Siku za mwanzo baada ya kuongezewa matiti, wengi huwaza kidonda. Kinachowakwamisha zaidi ni mikono. Mara nyingi kipandikizi, yaani kifuko kinachoingizwa kuongeza titi, huwekwa chini ya msuli wa kifua, na msuli huohuo ndio unaoutumia kufikia kabati la juu, kuvuta mlango mzito au kujiinua kitandani. Ndiyo maana vitu vyote hapa nimevipima kwa swali moja: kinakupunguzia kunyanyua, kuvuta na kujisukuma?

1. Sidiria ya upasuaji inayofungwa mbele

Hapa usibane matumizi. Madaktari wengi hutaka ivaliwe usiku na mchana kwa wiki kadhaa, mara nyingi hadi sita. Muulize wako kabla hujalipa, maana wapo wanaokuvalisha ya kwao ukiwa bado kitandani, na wapo wasiotaka uvae yoyote mwanzoni.

Iliyo bora ina mikanda ya begani inayofunguka kwa mbele na safu kadhaa za kulabu, ili uilegeze uvimbe ukizidi na kuikaza ukipungua. Ikiwa ni ya zipu, pawe na kitambaa nyuma yake, chuma kisiguse ngozi. Kisha igeuze nje ndani, upitishe kidole taratibu kwenye mkanda wa chini. Kidonda mara nyingi huwa kwenye mkunjo chini ya titi, palepale mkanda huo unapokaa. Kidole kikikwaruzwa na uzi, lebo au pindo nene, iache dukani, kwa sababu usiku wa tatu utaichukia.

Mkanda uwe mpana, na vidole viwili vipite chini yake bila kusukumwa. Nunua angalau mbili: moja mwilini, nyingine kwenye kamba.

2. Mto wa mshazari

Ni mto wenye umbo la kabari. Utalala chali, kifua kikiwa kimeinuliwa kiasi cha nyuzi 30 hadi 45, kwa wiki moja au mbili, wengine zaidi. Mito ya kawaida ukiipanga huteleza kabla hakujapambazuka, ukaamka umejikunja shingo. Mto wa mshazari hausogei, na unaponyanyuka safari ya kwenda juu ni fupi, tumbo na miguu vinafanya kazi badala ya kifua. Ongeza mto mdogo kila upande usigeuke usingizini, na mwingine chini ya magoti. Kama nyumbani kuna kiti kinacholala nyuma, kinatosha kabisa. Ujaribu kuulalia siku chache kabla ya upasuaji, uuzoee mapema.

3. Sidiria ya mazoezi yenye zipu mbele

Ni nzuri kwa wiki za baadaye, daktari akiruhusu, na haipaswi kuwa na waya. Ile ya kupitisha kichwani sijaipa nafasi yoyote: kuivaa tu ni kunyoosha mikono juu, na kuivua ni kazi zaidi.

4. Shati za vifungo na viatu vya kutumbukiza

Huenda unavyo tayari. Vitoe kabatini, uviweke usawa wa kiuno.

5. Vifuko vya barafu

Tumia daktari akikubali tu. Ngozi ya titi huweza kuwa na ganzi kwa wiki nyingi, kwa hiyo baridi inaweza kuiunguza nawe usihisi. Funika kifuko kwa kitambaa, usikiache kwa muda mrefu. Chupa ya maji ya moto usiiweke kifuani kabisa, kwa sababu hiyohiyo.

6. Bandeji za silikoni za kovu

Hazina haraka. Hubandikwa kidonda kikishafunga kabisa, kisha huvaliwa saa nyingi za siku kwa miezi miwili au mitatu. Zikinunuliwa mapema hukaa tu kwenye droo.

Mkanda wa kubana juu ya matiti usinunue kwa kuona mwenzako kavaa. Huo huagizwa na daktari, na si kwa kila mtu. Ila dawa ya kulainisha choo iulizie, kwani dawa kali za maumivu hufunga tumbo, na kujikamua chooni na kifua kile ni adha.

Hakuna kitu cha dukani kinachotibu haya: titi moja kuvimba ghafla kuliko jingine na kuuma, homa ya nyuzi 38 au zaidi, usaha, mguu mmoja kuvimba, pumzi kukata. Nenda hospitali saa hiyohiyo, usisubiri asubuhi.

Sidiria za kawaida ziache kwanza. Vipandikizi hukaa juu mwanzoni, vikashuka taratibu kwa wiki na miezi. Subiri kama miezi mitatu, daktari akague, upimwe upya, ndipo uchague unayoipenda.